Silanga ya Ukutani

Samsam alipigilia turubai kuukuu ukutani kwa misumari, turubai lililonunuliwa sokoni Hagadera, kisha akapanga chini yake vipande vya katoni. Vipande hivyo alivichora wakati wa mvua, nje, amekaa juu ya debe kando ya silanga ya Sangailu, bwawa la kukinga maji ya mvua, haraka haraka kabla mwanga haujabadilika. Ndiyo kazi yake kila mwaka. Kiangazi cha jilaal kikiingia, jua na vumbi havimruhusu mtu kukaa nje na brashi, basi hujifungia chumbani na kuvikuza vile vidogo viwe picha moja kubwa.

Safari hii silanga yenyewe ilikuwa imekauka na kupasuka. Kijiji chetu kilinywa maji ya lori kutoka mjini.

Alipomaliza kupaka ukingo wa mbali, picha ilianza kuvuja. Mama yake, Qali, aliweka beseni, akaonja. Maji yalikuwa na tope kidogo, kama ya silanga siku zote. Akaenda kuwaita majirani.

"Hooyo, mwanangu, ungechora na ngamia mwenye maziwa," jirani yao Kaaha alimwambia Samsam, akikinga dumu.

"Ngamia walikuwa mbali siku ile. Nachora nilichoona."

Mbuzi waliletwa mlangoni kwa zamu. Maji hayakuwatosha, mabeseni machache tu kwa siku, na wengine walianguka palepale uani. Lori bado lilihitajika.

Kisha akaja Salah, afisa wa maji, kuangalia kama lori liendelee kuja. Qali alimpikia chai kwanza, kama mgeni yeyote. Hapo ndipo alipokosea, na kila mzazi asikie. Salah alikunywa, akauliza maji yametoka wapi, akaonyeshwa. Akatumbukiza kalamu yake kwenye picha kupima kina.

"Eeddo, shangazi yangu, kumbe mna silanga ndani ya nyumba."

"Hii ni ya kulowesha koo tu, Salah," Qali alisema. " Hukuona mizoga hapo nje?"

"Maji ni maji. Lori ni la wasio nayo."

Wallahi, alisema hivyo na kikombe chetu mkononi, akaomba kuongezewa.

Lori halikuja tena. Akaja dereva wake badala yake, akaling'oa turubai. Alisema chanzo cha maji ni mali ya umma, lazima kitunzwe ofisini. Sasa limetundikwa nyuma ya meza ya Salah, na chai ya ofisi nzima hupikwa kwa maji yake.

Samsam alibaki na vile vipande vya katoni. Kila kimoja hutoa kikombe, basi. Qali amevificha chini ya godoro. Mwenye kiu akibisha hupewa. Akiwa na kalamu mfukoni, huambiwa nyumba hii haina hata tone. Nanyi wenye watoto wachoraji, fanyeni vivyo hivyo, heshima ya mgeni ingojee mvua.

Mbuzi waliosalia bado huja mlangoni kila asubuhi. Husimama kwa zamu, wakiutazama ukuta wenye misumari.