Kuku wa Leonce

Mume wangu Leonce aliacha mabanda mawili ya kuku nyuma ya nyumba yetu, Kilema. Kwa miaka mingi alikuwa akichagua: wazito banda hili, wepesi lile, kizazi baada ya kizazi. Wepesi walidonoa kidogo wakasusa. Wazito hawakujua kushiba.

"Tumbo likijaa, kuna homoni inayopeleka habari kichwani," alinieleza. "Hawa wazito, kichwa hakisikilizi. Ukiwaachia wale watakavyo, watakufa kabla ya kutaga."

Alipofariki mwaka sabini na sita, kazi ikawa yangu. Niliwapimia wazito kopo la chakula asubuhi, basi. Walilia mchana kutwa, na majirani wakanong'ona kwamba nawatesa. Wanong'one! Mtoto hatukujaliwa, kuku wale ndio kitu pekee cha Leonce kilichokuwa bado kinapumua, na bila mayai yao kizazi kingekatika.

Kisha wakaanza kufa. Jogoo alianguka akitembea. Nilipompasua, tumbo lilikuwa limejaa mafuta ya njano. Mafuta yametoka wapi, kwa kopo lile? Nikaaga kwamba nakwenda Kiboriloni sokoni, nikarudi kimyakimya kwa njia ya migombani.

Mama mkwe wangu, Dominika, alikuwa amepiga magoti bandani, ndoo ya mahindi na ndizi za kuchemsha mbele yake. Kilema nzima ilimsifu kwa kunenepesha mbuzi wa kufungiwa ndani, wale wa sikukuu. Sasa alikuwa akiwanenepesha na hawa.

Mimi ambaye nilikuwa sijawahi kumjibu mkwe nilipiga kelele. "Mama, unawaua! Unamuua Leonce mara ya pili!"

Hakuinuka.

"Kule hospitali, kabla Leonce hajapasuliwa, madaktari walisema asile kitu," alisema. "Akaniomba mtori wa ndizi. Nilikuwa nao mkononi, Digna, wa moto. Nikamnyima mwanangu. Akafa na njaa yake. Hawa nao wanalia hivyohivyo. Nitawanyimaje?"

Hasira ikaniishia. Ningemwambia nini? Kwamba kumnyima yule hakukumuua, ila kuwashibisha hawa ndiko kunakowaua? Nilikaa chini kwenye mavi ya kuku, nikalia naye. Ndoo sikumnyang'anya.

Tetea wa mwisho wa wazito alikufa kabla ya Pasaka, hajaacha hata yai moja.

"Alikufa ameshiba?" Mama aliniuliza.

"Ameshiba, Mama."

Akamshukuru Mungu. Mimi nikachukua jembe, nikaenda kumfukia.