Anwani Moja kwa Nyumba Tano

Katika ofisi ya ushirika wa wafugaji, Tsevelmaa alibonyeza kitufe cha kutuma ujumbe wa onyo kwa mara ya nne, na kwa mara ya nne kompyuta ikamjibu: imekataliwa. Dhoruba ya theluji ilikuwa imeshavuka milima ya magharibi na ingefika malishoni saa tisa alasiri. Sasa ilikuwa saa saba, na wafugaji mia nne wa ushirika walikuwa hawajapata onyo, akiwemo Gombo, mdogo wake wa pekee.

Kisa chenyewe kinaudhi. Ushirika ulikuwa na anwani nane za intaneti, zile namba ambazo mitambo hutambuana kwazo. Namba hizo zimeadimika duniani, na waliozihodhi wanazikodisha kwa bei wanayojitakia. Kodi ilipopanda mara tatu, ushirika ulirudisha saba ukabaki na moja. Majirani walioshindwa kabisa kulipa wakaja kubisha hodi: shule, zahanati, duka la sufu, na Tuvden mwenye chumba cha michezo ya kompyuta. Tsevelmaa akawaunganisha wote kwenye anwani hiyo moja. Huku nyikani mgeni aliyesimama mlangoni wakati wa baridi hafukuzwi, naye hakufikiri kwamba ukarimu huo ungeweza kumponza.

Akampigia fundi wa kampuni ya simu, mjini.

"Kuna mtu katuma ujumbe wa utapeli kutoka chumba cha michezo," fundi akasema. "Lakini kwetu nyote ni anwani moja tu, dada, hatuwezi kumfungia yeye peke yake. Tumeifunga."

"Ifungue basi! Watu watakufa!"

"Ukaguzi ni siku mbili. Au kodisha nyingine, ulipe mwaka mzima kwanza."

"Nikulipe nini, kaka? Samadi ya kondoo?"

Simu ikakatwa.

Alianza kuwapigia wafugaji mmoja mmoja. Wengi hawakupatikana. Mwishowe akapokea Dulmaa, mke wa Gombo.

"Wifi, Gombo yuko wapi?"

"Kapeleka kondoo bonde la mbali. Mbona unahema hivyo?"

"Mrudishe! Dhoruba inakuja!"

"Dhoruba gani, wifi?" Dulmaa alikuwa bado anacheka. "Asubuhi kaona wingu, akataka abaki. Nikamwambia we mwoga, kapande kilimani kwenye intaneti ukaangalie ujumbe wa ushirika. Kakaa huko nusu saa nzima. Akashuka anasema hakuna ujumbe, basi hakuna dhoruba, dada hawezi kuninyamazia."