Tarehe Tano Mara Thelathini na Moja

Katika kiwanda kidogo kilichochapa vijitabu vya masomo ya misa, ndugu wawili wa tumbo moja walikuwa wamefanya kazi miaka sita bila kusemezana. Mkubwa alikuwa mjalidi: kazi yake kukusanya karatasi na kuzishona ziwe kitabu. Mdogo alikuwa mkata karatasi, nyuma ya ukuta wa mbao. Ugomvi ulianzia kwenye mazishi ya mama yao. Mkubwa alikuwa ameshinda siku nzima akijizoeza kusoma somo la kwanza. Saa ilipofika aliinama kufunga kamba ya kiatu, na alipoinuka alimkuta mdogo wake yuko mimbarini, keshafika katikati.

Tangu hapo maneno ya kazi yalipitia kwa Mama Gundi, mwanamke wa makamo aliyebandika majalada. Alikaa mlangoni, mguu mmoja huku, mwingine kule.

"Mwambie huyo mdogo wangu kisu chake kinang'ata pembe."

"Kaka yako anasema kisu kinang'ata pembe."

"Mwambie nimesikia."

"Amesikia."

"Na mimi nimesikia kwamba amesikia," mjalidi angesema, na kazi ikaendelea.

Kijitabu cha mwezi kilikuwa na karatasi moja kwa kila siku: somo, tafakari fupi na sala. Mkata alipanga marundo thelathini na moja juu ya meza ndefu, akitaja tarehe ya kila rundo. Mama Gundi aliipokea tarehe na kuipitisha, kisha mjalidi aliizunguka meza akiokota moja moja. Karatasi zililala kifudifudi ili wino usichafuliwe na vidole, kwa hiyo asiyeambiwa tarehe hakuwa na njia ya kuijua.

Siku hiyo Mama Gundi aliumwa jino, hakuja. Karatasi zilizokuwa zimekauka ni za tarehe tano tu. Mashine ilikuwa imekwama ikazichapa maelfu; rundo lake lilikuwa refu, linayumba, basi mkata akaligawa kwa mazoea vipande thelathini na kimoja, akaviweka mezani vipumzike. Akatoka bila kusema, maana hakukuwa na wa kumwambia. Mjalidi akaja, akahesabu marundo, akakuta yametimia. Kuhesabu hakujawahi kumshinda. Akazunguka, akaokota, akashona. Vijitabu vikaenda.

Mkata aliona karatasi zake hazipo. Akawaza, kaka ana mpango wake. Masomo ya siku thelathini zilizobaki yakakaa upande wa pili wa ukuta yakisubiri kuitwa.

Sasa, somo la tarehe tano linasema kwamba mtu akileta sadaka madhabahuni, akakumbuka kuwa ndugu yake ana neno naye, aiache hapo hapo, aende akapatane naye kwanza, ndipo arudi kuitoa. Padri naye alisoma katika kijitabu hicho hicho, kwa kuwa kitabu kikubwa cha masomo kilikuwa kiwandani kikishonwa mgongo.

Siku ya kwanza watu waliacha sadaka zao, wakatoka katikati ya misa, wakapatana na majirani. Wakafurahi. Siku ya pili somo likarudi. Siku ya tatu wakaelewa kwamba Mungu hajaridhika, wakaanza kuleta vitu vizito: ndoo, viti, kuku wawili, cherehani. Na kwa kuwa kila asubuhi somo liliwaambia waache na waende, hakuna aliyewahi kufika mahali pa kutoa. Kufikia siku ya kumi na mbili padri alipanda juu ya kabati la mtu ili aifikie madhabahu.

Ugomvi wa zamani uliisha. Watu wakaanza kuutafuta mpya.

"Jirani, hebu nitukane kidogo."

"Jana nilikutukana."

"Hilo la jana tulishalipatanisha. Nitafutie la leo, misa ni saa kumi na mbili na nusu."

Mjalidi aliposikia, alikifungua kijitabu kwa mara ya kwanza. Tarehe tano. Akafunua. Tarehe tano. Akafunua mpaka jalada la nyuma. Akaenda kwa padri moja kwa moja.

"Padri, hilo si neno la mwezi huu. Ni mimi nimekosea kupanga karatasi."

"Umekosea mara ngapi?"

"Mara thelathini na moja kwa kila kitabu. Vitabu mia nne."

Padri, akiwa amekaa juu ya kabati, akafikiri. "Mwanangu, mtu akikosea mara moja, amekosea. Akikosea mara hizo zote kwa mstari ulionyooka, huyo ametumwa."

"Sijatumwa na mtu!"

"Na kwa nini hukumuuliza aliyezipanga?"

Mjalidi akaangalia kuku.

Jumapili iliyofuata padri akatangaza kwamba rundo la sadaka haliwezi kupokelewa, kwa sababu katika parokia yumo mmoja ambaye hajapatana na nduguye. Hakutaja mtu. Kanisa zima likageuka kumtazama mjalidi, hata kuku.

Tangu hapo hakupata raha. Dada mmoja mfua nguo alimngoja kiwandani kila asubuhi.

"Baba, nalala sakafuni siku ya tisa leo. Godoro langu liko madhabahuni. Patana, nakuomba."

"Mkubwa hamfuati mdogo, dada."

"Basi njoo ulale wewe sakafuni na ukubwa wako!"

Mjalidi alimaliza siku nzima akilifikiria neno hilo. Hakumlaumu. Kesho yake, siku ya thelathini ya mwezi, alimwita Mama Gundi.

"Mwambie mdogo wangu..."

Mama Gundi akakaza midomo, akaionyesha kwa kidole.

"Jino tena?"

Akatikisa kichwa. "Nimechoka. Miaka sita nimekula maneno yenu, wala hayashibishi."

Akaondoa kiti chake mlangoni. Mjalidi hakukumbuka kama mlango ule ulikuwa mpana hivyo. Akapita.

Mkata alikuwa anafuta kisu. Nyuma yake yalisimama marundo thelathini, yamefunikwa shuka safi.

"Hizo ni nini?" mjalidi akauliza. Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine.

"Tarehe nyingine, kaka. Nilingoja uziulize."

Kisha mkata akachukua karatasi moja ya tarehe tano iliyobaki, akamnyooshea kwa mikono miwili. "Soma. Siku ile nilikunyang'anya. Nilikuona umeinama, nikadhani unalia, nikaona aibu kukungoja."

"Nilikuwa nafunga kiatu."

"Najua sasa."

Mjalidi akasimama wima, akasoma, polepole, kama alivyojizoeza kwa ajili ya mama. Alipofika katikati mkata akamkatiza: "Hapo usipumue. Mama asingependa."

"Nani kakwambia? Mama alipumua kila neno!"

"Wewe ulikuwa unakaa nyuma kanisani, utajuaje?"

Wakabishana mpaka chakula cha mchana, Mama Gundi akiwasikiliza kwa raha ya mtu aliyepewa likizo.

Asubuhi iliyofuata waliingia kanisani pamoja. Padri akanyanyua mikono juu ya rundo lote, akalipokea. Dada mfua nguo akalikimbilia godoro, akalishika pembe.

"Taratibu," padri akasema. "Siku zote hizi lilikuwa limeachwa tu. Sasa ndipo limetolewa."

Saa mbili baadaye dada alikuwa amesimama kiwandani, mikono kiunoni.

"Nimegombana na padri kwa ajili ya godoro. Mwezi mpya una masomo mengine, na mimi nalitaka somo lile lile la kupatana."

Mjalidi akaugeukia ukuta. "Mdogo wangu! Tarehe tano zimebaki?"

"Unataka ngapi?"

"Moja!"

"Chukua mbili, kaka. Padri naye atahitaji yake."