Sauti Zote za Mwangwi

Jina lake la kuzaliwa lilitumika kwenye mitihani tu. Kwingine kote aliitwa King'ora, kwa sababu ya sauti. Akinong'ona darasani, mwalimu wa darasa la jirani anauliza nani anapiga kelele. Nyumbani walikuwa wakimsihi azungumze kama binadamu. Mtu pekee aliyeithamini sauti ile alikuwa shangazi yake, mwenye saluni, maana mashine za kukaushia nywele zikianza kunguruma hakuna redio iliyosikika mle ndani. King'ora alisikika.

Basi kila Jumamosi alikaa juu ya kreti la soda karibu na sinki, akawasomea watu hadithi za Mwangwi. Huyu Mwangwi alikuwa msichana wa kwenye vitabu, mwenye uwezo wa kumeza sauti yoyote, iwe radi au honi ya treni, akaitunza kifuani, kisha akaiachia siku anayoihitaji na ukuta ukapasuka. Kifuani humo alikuwa na sauti moja ambayo hajaigusa tangu kitabu cha kwanza: sauti ya marehemu mama yake. Wateja walikuja kusuka hata nywele ambazo hazijafumuka, ili tu wasipitwe na sura. Aliyejifanya hana habari ni Mama Povu, muosha nywele. "Mambo ya watoto hayo," alikuwa akisema, kisha anafunga bomba la maji ili asikie vizuri.

Siku kitabu cha mwisho kilipotoka, King'ora alifika duka la vitabu kabla kufuli halijafunguliwa.

"Mwandishi mwenyewe anakuja mchana kusaini," mwenye duka akamwambia. "Humsubiri?"

"Ninasubiriwa mimi!" King'ora akajibu, akatimua mbio amekikumbatia kitabu kifuani.

Saluni ilikuwa imejaa pomoni. Kwenye kiti cha katikati alikaa bibi harusi, ndoa yake alasiri ileile, gari lenye maua likimngoja nje. Upande mmoja wa kichwa chake ulikuwa umeshasukwa ukapendeza. Upande wa pili ulisimama wima kama umeona jini.

"Haya, soma," Shangazi akasema, akichomeka kitana kwenye nywele. "Na usiruke hata neno."

King'ora akasoma. Akasoma mpaka midomo ikakauka, akaletewa maji, akasoma tena. Mteja aliyekuwa chini ya mashine akakitoa kichwa nje, nywele zake zikapoa hivyohivyo. Humo kitabuni adui mkubwa, Kimya Kikuu, alikuwa ameshazinyonya sauti za mji mzima. Watoto wachanga walilia bila kusikika. Sasa alisimama juu ya daraja, amemkamata shingoni mdogo wa Mwangwi.

"'Mwangwi akavuta pumzi,'" King'ora akasoma, naye akivuta yake. "'Akafumbua mdomo, na...'" Akafunua ukurasa.

"Na nini?" Shangazi akauliza.

"'Na mpishi akatua sufuria mezani.'"

"Mpishi gani tena darajani?" Mama Povu akaropoka.

King'ora akafunua mbele, akarudi nyuma, akafunua tena. Mpishi alikuwa yule wa sura ya pili. Kiwandani walikuwa wamezifunga kurasa za mwanzo mara mbili, na za mwisho hazikuwamo kabisa. Kitabu kilikatikia pale Mwangwi alipofumbua mdomo.

Kelele zilizozuka hapo zingemshibisha Mwangwi mwaka mzima. Mmoja alisema mdogo mtu lazima atakufa, mwingine akamwambia afunge mdomo wake mchafu. Shangazi alipiga simu dukani. Mwenye duka alijibu kwa sauti ya mtu aliyebanwa mlangoni kwamba mwandishi ameshafika, lakini vitabu vyote ndivyo vilivyo, watu wanavirudisha, na vizima havitapatikana mpaka wiki ijayo.

"Wiki ijayo!" Bibi harusi akasimama, kitana kikining'inia kichwani. "Wiki ijayo nitakuwa mke wa mtu. Mimi siolewi na hiki kitu rohoni. Mwandishi si yuko hukohuko dukani? Twendeni!"

"Na nywele?" Shangazi akamaka.

"Utanisuka njiani."

Wakajazana kwenye gari la maua: bibi harusi na Shangazi nyuma, mikono ya Shangazi ikisuka huku gari likiruka matuta; King'ora mbele; Mama Povu akajipenyeza wa mwisho akidai anaenda kuwasindikiza tu. Dereva, kaka yake bibi harusi, aliuliza kama wote wana akili timamu. Dada yake akampiga bega, naye akakanyaga mafuta.

Nje ya duka watu walifurika mpaka barabarani, kila mmoja amenyanyua kitabu chake kama ushahidi. Na katikati yao, amevaa suti, shavu moja limenyolewa na jingine lina povu lililokauka, alisimama bwana harusi.

"Si uliniambia uko kwa kinyozi?" bibi harusi akauliza.

"Si uliniambia uko saluni?"

Wakatazamana, kisha wakacheka mpaka wakashikiliana mabega.

Mlangoni, juu ya kiti, alisimama mwandishi. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani, ameshika simu yake. Midomo yake ilicheza, lakini aliyekuwa hatua tatu tu mbele yake hakusikia kitu. Watu wakapaza sauti: "Sema! Hatusikii!" Naye kadiri walivyopaza ndivyo alivyozidi kunywea.

King'ora alipenya kwa viwiko mpaka mbele.

"Mama, unasemaje?"

"Nasema mwisho ninao humu kwenye simu," mwandishi akamwambia sikioni. "Nataka kuwasomea. Lakini sauti sina, mwanangu. Sijawahi kuwa nayo. Unafikiri kwa nini nilimwandika Mwangwi?"

"Mimi ninayo," King'ora akasema.

Mwandishi akashuka, akampa simu. King'ora akapanda kitini.

"JAMANI!" akasema, na barabara nzima ikatulia. Hata mwenye pikipiki upande wa pili alizima injini.

Akasoma. Mwangwi aliachia radi, na Kimya Kikuu akaimeza. Akaachia treni, ikamezwa pia. Akaachia kelele za uwanja, vicheko vya rafiki zake, mvua yote ya utoto wake, na adui akazidi kuvimba, daraja likipinda chini yake. Watu wakasogea. Bwana harusi aliung'ata ukosi wa shati lake. Kifuani mwa Mwangwi ikabaki sauti moja, na akiiachia hataisikia tena maisha yake yote.

Hapo King'ora aliishusha simu. Mwandishi akamshika kifundo cha mguu, akambana kidogo. King'ora akaiinua tena.

"'Akaiachia,'" akasoma. "'Haikuwa radi wala mlipuko. Ilikuwa sauti ya mwanamke aliyesimama mlangoni jioni, akiwaita watoto wake. Njooni ndani! Njooni mle chakula!'"

Aliita kweli, kwa nguvu zake zote, wala hakujizuia kama alivyozoea kuambiwa ajizuie. Sauti ikagonga maghorofa, ikarudi. Na kitabuni Kimya Kikuu, aliyeweza kumeza kila kelele duniani, hakuweza kuimeza ile, kwa kuwa naye aliwahi kuitwa hivyo, akakumbuka. Mikono ikamlegea, na sauti zote alizonyonya zikamtoka, mji ukafurika vilio vya watoto na milio ya baiskeli. Mwangwi akabaki hana uwezo wowote. Akamwendea mdogo wake, na kwa sauti yake mwenyewe, ya kawaida kabisa, akamuuliza, "Umeumia?"

Ndio ulikuwa mwisho. Barabara ikalipuka kwa vifijo, watu wakakumbatiana na wasiowajua, na mwenye duka akafuta macho kwa kitambaa cha kufutia vumbi. Mwandishi alimvuta King'ora chini, akamshika mashavu.

"Nimeishi na sentensi ile tangu nianze kitabu cha kwanza," akamwambia, "na leo ndiyo mara ya kwanza naisikia."

Ilibidi bwana na bibi harusi wapande gari moja, jambo ambalo dereva alisema hajaliona popote. Shangazi alimaliza msuko wa mwisho mlangoni pa ukumbi, Mama Povu akamfuta bwana harusi shavu kwa kanga yake. Wageni walikuwa wamekasirika, na mama mkwe alisimama mikono kiunoni, akitaka maelezo.

King'ora akafumbua mdomo aeleze. Hapakutoka kitu, sauti ilikuwa imekwisha yote. Akacheka bila mlio, machozi yakimtoka, akamsukuma Mama Povu mbele. Naye Mama Povu akajishika kifua, akaanza kuwasimulia watu wote ukumbini hadithi ya Mwangwi toka kitabu cha kwanza.