Kiitikio cha Darasa la Saba

Janeth alipopata kazi, kijiji kizima kilijua kabla hajashuka kwenye bodaboda. Dereva aliambiwa njiani, mama muuza plamu pale njia panda akatangaziwa kwa sauti, na mchungaji, maskini, alikamatwa mlangoni pa kanisa funguo zikiwa bado mkononi. Chuo alishamaliza, elimu na saikolojia, na tangu amalize alikuwa nyumbani anapalilia kabeji yeye na digrii yake. Sasa amekuwa msaidizi wa mtafiti. Ana kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Alilala nacho.

"Mnatafiti nini?" baba yake, mzee Sefania, aliuliza huku anamenya kiazi cha moto.

"Kwa nini wasichana na wavulana hawafaulu sawa, baba. Na kwa nini Waafrika na Wazungu hawafaulu sawa."

"Hilo hata mimi ningewaambia. Wanamaliza mafuta ya gari bure."

Wakacheka wote, na Yusta akacheka, tena yeye kuliko wote, maana Yusta kuambiwa wasichana hawana akili ilikuwa kama kuambiwa Lushoto hakuna baridi. Yeye na Mika, wadogo zake Janeth, walikuwa mapacha, wote darasa la saba. Mika alikuwa mtoto mzuri, anajua kumkama ng'ombe, anajua kuimba, ila yeye na hesabu walikuwa hawasalimiani. Yusta alikuwa anamaliza mazoezi yake, kisha anafanya ya Mika akiwa anakoroga uji.

Na kulikuwa na jambo ndani ya nyumba ile. Kule bondeni kuna shule ya bweni ya kanisa, na Sefania alikuwa na uwezo wa kusomesha mtoto mmoja tu. Alishatamka mezani, na akishatamka ametamka: wote wawili watafanya usaili, na atakayemshinda mwenzake ndiye atakwenda. Nani asingejua atakayekwenda? Mama alishaanza kumshonea Yusta sketi. Mika mwenyewe alikuwa anamuuliza dada yake kama huko bweni wanapewa nyama.

Bosi wa Janeth, Dokta Cecilia, alitoka Dar na viatu vyeupe, akatembea navyo Usambara nzima visichafuke. Alimkalisha Janeth kwenye gari akamweleza kazi. Watoto watapewa mtihani wa michoro, kila mchoro una pengo, mtoto achague kipande cha kuliziba. Lakini katika baadhi ya shule, kabla wasichana hawajaanza, wasomewe sentensi moja: utafiti umeonyesha kwamba wasichana wa Kiafrika huwa wanafeli mtihani huu. Shule nyingine wasiambiwe kitu. Halafu tuone sentensi peke yake inaweza kumwangusha mtoto kiasi gani.

"Kwa hiyo tunawadanganya, dokta?"

"Tunawapa kichocheo. Ukweli wataambiwa tukishamaliza shule zote. Kabla ya hapo hakuna kumwambia mtu, hata mama yako mzazi. Shule zinapeana habari." Kisha akauliza, "Una ndugu kwenye hizi shule?"

Shule ya kwanza kwenye kundi la sentensi ilikuwa ile aliyosoma Janeth mwenyewe. Aliona tayari anavyoingia pale na kitambulisho kifuani, na mwalimu mkuu Danieli, aliyewahi kumpigisha magoti barazani, anampisha mlangoni.

"Sina," alisema.

Na kweli mwalimu Danieli alimpisha. Wavulana wakapelekwa chumba cha pili, wasichana wakabaki na Janeth. Wakasimama, "shikamoo mwalimu," wakakaa. Yusta alikuwa dawati la mbele, anabana midomo asicheke, dada yake mwenyewe leo ni mwalimu.

Janeth akasoma sentensi. Wasichana wakamwangalia kama ng'ombe wanavyoangalia mvua. Akasoma tena. Akaingiwa na wasiwasi kwamba haijaingia, dokta atasema hajafanya kazi. Basi akafanya kile ambacho kila mwalimu aliyemfundisha tangu chekechea alifanya, akakata neno mkiani ili darasa limalizie.

"Utafiti umeonyesha, wasichana wa Kiafrika mtihani huu huwa wana...?"

Zikatoka sauti mbili-tatu, "...feli."

"Sijasikia. Huwa wana...?"

"...feli!"

"Wote. Wana...?"

Likaja darasa zima, kwa ile sauti ya kuimba tuliyofundishwa nayo wote, na mabati yakaitikia. Yusta alimalizia na wenzake. Mwalimu akikata neno humwachii hewani, ni utovu wa adabu.

Mtihani ukaanza. Janeth akawa anapita katikati ya madawati, mikono nyuma, anajisikia raha. Alipofika mbele aliona penseli ya Yusta imesimama. Mtoto yule ambaye penseli yake haijawahi kupumzika alikuwa anaweka alama, anafuta, anaweka, anafuta, mpaka karatasi ikatoboka. Janeth akaona, akasema moyoni, kumbe inafanya kazi. Na akafurahi. Ndiyo, alifurahi.

Ukuta wa kati haukufika darini, kwa hiyo wavulana walisikia kila kitu. Mapumziko yalipogongwa kiitikio kilikuwa uwanjani. Jioni kilikuwa bombani kwa wachota maji. Watoto wa chekechea waliruka nacho kamba. Msichana akidondosha ndoo, atasikia nyuma yake, "Wana...?" na mtaa mzima utamalizia.

Nyumbani Mika alikiimba kwa besi ya kwaya. Sefania alicheka mpaka akafuta machozi. "Niliwaambia mimi. Mpaka chuo kikuu kimekubali."

Yusta hakucheka. Alimfuata Janeth jikoni, akakaa kwenye kigoda, akachokonoa moto muda mrefu.

"Dada, ile ni kweli?"

Neno moja tu lilikuwa linatakiwa. Lilifika mpaka kwenye meno. Janeth, mtu ambaye siri haijawahi kulala kwake, siku hiyo akapata kifua. Dokta alishamdokezea kwamba msaidizi atakayefanya vizuri ataondoka naye kwenda Dar.

"Utafiti ndiyo umesema," alijibu. "Mimi nimesoma tu."

"Walipima watu wengi?"

"Wengi sana."

Yusta akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeelezwa ugonjwa wake.

Jumamosi mapacha wakashuka kwenye usaili. Mika alirudi anasema ulikuwa wa kawaida. Yusta alirudi hasemi. Baadaye mama ndiye aliyeambiwa: alikuwa anakokotoa jibu, akishalipata anaona haiwezekani awe yeye, analifuta. Majina yalipotoka, Mika alikuwepo, chinichini huko karibu na mkia. Yusta hakuwepo.

"Nilitamka," Sefania alisema, na hakusema kwa ukali. Sketi ikafumuliwa, kitambaa kikawa mfuko wa Mika wa vyombo. Yusta akatolewa shule, akapelekwa Mazinde, kwa shangazi mwenye mgahawa barabarani, akaoshe sahani.

Wiki hiyohiyo dokta akapiga simu, sauti imechangamka. "Janeth, wasichana wako wameanguka kuliko shule zote. Ulifanyaje?"

Janeth akaeleza yote kwa furaha, jinsi alivyokata neno, jinsi darasa lilivyoitikia.

"Uliwaimbisha?"

"Ili iingie, dokta."

"Sentensi inasomwa mara moja, sawasawa kila shule. Sasa mimi napima sentensi au napima kwaya?" Akavuta pumzi. "Hiyo shule naitoa kwenye utafiti. Na wewe pumzika."

"Na ukweli? Watasomewa lini?"

"Shule ambayo haimo haina cha kusomewa," dokta alisema, akakata.

Kwa hiyo Janeth akaenda mwenyewe, bila kitambulisho. Safari hii mwalimu Danieli alimsimamisha barazani kwanza mpaka kipindi kiishe. Akawaeleza watoto kwamba ile sentensi ilitungwa, hakuna aliyepima mtu. Wakamwangalia. Mvua na ng'ombe tena. Akajaribu njia anayoijua.

"Semeni wote. Wasichana wa Kiafrika mtihani huu wana..."

"...feli!" darasa likamjibu, na wasichana ndio waliokuwa na sauti kubwa, wamefurahi kwamba wanakumbuka.

Baba yake alimsikiliza mpaka mwisho. "Usaili nao mliutunga nyie?"

"Hapana, baba."

"Basi." Akaendelea kunoa jembe.

Akashuka Mazinde. Joto la kule lilimpiga usoni kama mvuke wa sufuria inayofunuliwa. Malori yalikuwa yamepanga foleni, na Yusta alikuwa anapita katikati ya meza na kitambaa begani.

"Onga mshi, dada," alisalimia kwa Kisambaa. "Kaa hapa pana feni."

Janeth hakukaa. Alisema yote kwa mkupuo. Ilikuwa uongo, ulitungwa ofisini, wewe ni yuleyule, hukupungua kitu.

Yusta akafuta meza ambayo ilikuwa safi. "Siku unatusomea, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na nilivyokuuliza jikoni?"

"Nilikuwa najua, mdogo wangu."

"Haya." Akakunja kitambaa, akakikunja tena. "Sasa nijuaje kama leo ndiyo unasema kweli? Na leo umetumwa na nani?"

Janeth akavuta kiti cha karibu na feni, akakaa.

Meza ya nyuma wapakiaji wa nyanya walishamaliza kula. Mmoja akainua kidole chenye mafuta. "Binti, tujumlishie hapa. Chapati zetu, supu zile, na chai zote."

Zamani jibu lingetoka kabla hajateremsha kidole. Yusta alizitazama zile sahani, midomo ikacheza kidogo. Halafu akageukia jikoni.

"Shangazi, njoo uwapigie hesabu hawa. Mimi siwezi."

"Shule zenyewe hizi," yule mpakiaji akasema, na meza nzima ikacheka. Yusta akacheka nao, akaanza kukusanya sahani.