Kumwogesha Mke Mwenza

Gari lile kuukuu fundi cherehani alilipa jina la Mke Mwenza, kwa sababu mumewe alilibembeleza kuliko alivyombembeleza yeye. Lakini alipougua, Mke Mwenza ndiye aliyempeleka hospitali na kumrudisha, safari baada ya safari, yeye akiwa amejilaza kiti cha nyuma. Hakumwangusha hata mara moja. Basi akaweka nadhiri kwamba akipata nguvu za kusimama, ataosha injini ile kwa mikono yake mwenyewe.

Sasa nguvu zilikuwepo, na kesho ilikuwa safari ya mwisho kwa daktari. Mumewe alizunguka uani roho juu.

"Mama Pacha, maji na injini havipatani. Kesho lisipowaka je?"

"Injini imepoa, waya wa betri nimechomoa, altaneta nimeivika mfuko wa nailoni. Aliyebaki na moto ni wewe."

Hakuwa na haraka. Alichovya brashi kwenye maji ya sabuni, akasugua masizi na grisi iliyogandamana, akafuta kwa kitambaa kibichi badala ya kumwaga maji ovyo. Kila alipokaribia upande wa radieta, mzee wake alikohoa.

"Hapo niachie mimi. Hapo panataka ujuzi."

Mtu aliyeshindwa kutunga uzi kwenye sindano maisha yake yote! Fundi cherehani akapeleka brashi palepale.

Mpira wa kupitishia maji ya radieta ulikuwa umefungwa tambara jeusi kwa uchafu. Alipolisugua, ikatokea rangi ya kijani, kisha pindo la uzi wa manjano. Mshono wa mkono wake angeutambua hata gizani. Kilikuwa kilemba chake, kile alichoamini kimepotea wodini.

"Hiki kimefikaje huku?"

Mzee akatazama viatu vyake. "Unakumbuka siku ile ya foleni?"

Aliikumbuka. Maumivu yalikuwa yamemzidi, macho ameyafumba, gari likasimama. Mumewe alimwambia ni foleni tu, anashuka kunyoosha miguu.

"Hapakuwa na foleni," mzee alisema. "Mpira ulipasuka. Nikakuvua kilemba, nikafunga, nikaenda kuomba maji nyumba za watu. Ningekwambia, ungekata tamaa."

"Na hujakitoa mpaka leo?"

"Fundi wa magari aliweka mpira mpya. Kilemba nikakirudisha juu yake. Nilijiambia sikifungui mpaka upone. Niliogopa, mke wangu."

Fundi cherehani alishika ukingo wa boneti. Miezi yote hiyo shukrani zake alikuwa akizimimina kwa bati na vyuma, na mwenye kustahili alikuwa kwenye usukani, akimwongopea kwa upole. Machozi yakamtoka, na hakuyaficha. "Ahsante, Baba Pacha," alisema. "Ahsante sana."

Mzee akakohoa tena, safari hii bila sababu.

Wakakausha kila kona, wakaivua altaneta mfuko, wakarudisha waya wa betri. Mzee akazungusha ufunguo. Mke Mwenza akaguna, akasita, akawaka. Mzee akashusha pumzi, akazima, akashuka na kuingiza mkono kwenye boneti ili afungue kilemba, lakini mkewe akamshika kiganja.

"Kiache mpaka tutoke kwa daktari. Nitakifungua mwenyewe, nijifunge kichwani."

Kisha akaenda kiti cha nyuma, akautoa mto aliokuwa akiulalia, akaurudisha ndani ya nyumba. Kesho angekaa mbele.