Meno ya Dirishani

Meno yale yalikuwa ya jasi, ileile nyeupe wanayofungia mkono uliovunjika. Yalikuwa ya juu tu, hayana uso wala ulimi, na kaka yangu Nassoro alikuwa ameyaweka kwenye dirisha la jikoni. Wifi yangu Mwanaima aliingia kuchuja chai akayakuta yanamchekea. Akayageuza yakatazama nje. Nassoro alipoamka akayageuza tena yakatazama ndani, eti upande wa nje kuna jua, na jua lingeharibu ile kinga ya mpira iliyovikwa juu yake.

"Basi yafunike kitambaa," Mwanaima akasema. "Sipendi kuchekewa alfajiri na mtu nisiyemjua."

"Unamjua. Ni Mbula."

Hapo ndipo kaka yangu alipojikwaa. Angesema tu ni meno ya mteja, sote tungekunywa chai tukaendelea na siku yetu. Lakini alilitaja jina, kisha kama haitoshi akaongeza, huku akiyatazama kwa mapenzi ya kazi yake: "Tazama yalivyopangika. Jino moja tu ndilo lililovunjika, la mbele, na hilo nalo limezibwa huwezi kujua. Meno ya namna hii sijapata kuyaona."

Mwanaima akaweka birika chini. Wifi yangu ana mwanya. Si mwanya wa kubahatisha, ni ule unaowafanya wanawake wa Msambweni wamtazame mara mbili akicheka. Alfajiri ile hakucheka.

Nassoro ni fundi wa meno katika zahanati moja ya Ukunda. Zamani alikuwa akiwatengenezea wazee meno ya bandia. Tangu wasichana wa Diani waanze kucheza raga, anatengeneza pia kinga za meno. Zile za dukani ni saizi moja kwa watu wote: unaitumbukiza kwenye maji moto, unaiuma, inajikunja kidogo kukufuata. Za Nassoro ni za mdomo mmoja tu. Huchukua chapa ya meno kwa uji mzito unaoganda, akamimina jasi ndani ya chapa, kisha akaulainisha mpira kwa joto na kuuvuta juu ya meno ya jasi mpaka ukayakumbatia. Kingo huzilainisha nyumbani, barazani, kwa sababu zahanatini hawampi nafasi ya kuketi.

Mbula mwenyewe alikuja Alhamisi kuijaribu. Ni msichana wa Kikamba kutoka mashamba ya Shimba Hills, mabega mapana, mwenye kucheka na kila mtu. Alimwamkia Mwanaima vizuri kabisa, "Shikamoo, mama," na hilo "mama" likaongeza moto. Jumamosi walikuwa na mechi na timu ya Mombasa, na daktari alikuwa amemwambia wazi kwamba jino lile likigongwa tena bila kinga, halitazibika.

"Uma," Nassoro akamwambia. "Achia. Uma tena. Wapi panakukwaruza?"

"Hapa juu kwa ufizi."

Nassoro akamshika kidevu, akaingiza kidole gumba, akapapasa. Mwanaima alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya mahamri. Alisimama pale mpaka Mbula akaondoka, kisha akarudi na sinia jikoni, mahamri yote yakiwa yamo.

"Umeona, wifi?" akaniambia. "Umeona alivyomshika?"

"Ni kazi yake. Ulitaka amshike kwa koleo?"

"Mimi mara ya mwisho kunishika kidevu ni lini? Niambie wewe unayejua kazi yake. Mimi nitarudi kwetu Mkwiro, wallahi. Abaki na meno yake."

Nilimcheka. Mimi ni mtu wa kucheka wivu. Nilipokuwa kwa mume kule Waa, siku aliponiambia anaoa mke wa pili nilimuuliza kama usiku atakula wali au ugali. Talaka ilipokuja nilifunga mizigo yangu nikarudi hapa kwa kaka, na njia nzima sikulia. Watu walinisifu kwa moyo wangu mpana. Nami nikawaamini.

Ijumaa Nassoro alikwenda msikitini. Nilikuwa uani nachagua mawe kwenye mchele, nikasikia kimya jikoni, na Mwanaima si mtu wa kimya. Nikaingia. Alikuwa ameketi juu ya kibao cha mbuzi, mikono magotini, mashavu yamemjaa, macho yanamtoka machozi. Sufuria ya maji ilikuwa ikifuka mvuke mbele yake.

"Una nini mdomoni?"

"Mm-mm," akasema.

Dirishani meno ya jasi yalikuwa uchi.

Nilimwambia ateme. Akatema kiganjani. Alitaka tu, akaniambia, kujua kuna nini humo mdomoni mwa yule msichana kinachosifiwa hivyo. Akaivaa ile kinga, ikakataa kumwenea. Akakumbuka zile za dukani, akaichovya kwenye maji ya chai yaliyokuwa yakichemka, akaiuma kwa nguvu zake zote. Sasa ilikuwa imejikunja kama ganda la ndizi la jana. Tulijaribu kuirudisha kwenye meno ya jasi, mimi nabonyeza huku, yeye kule, ikawa inaruka tu.

"Tutasema ni paka," nikamwambia.

"Paka anachemsha maji?"

Nassoro alikuwa tayari anavua viatu mlangoni.

Akaiona. Aliichukua, akaenda nayo kwenye mwanga, na mimi nikajua leo ndio leo, maana kaka yangu hagombi ila kwa ajili ya kazi yake. Mechi ilikuwa kesho. Akapitisha ukucha upande wa ndani, taratibu, jino baada ya jino. Katikati ukucha ukasimama. Pale mpira ulikuwa umeingia kwenye nafasi kati ya meno mawili ukaacha kijiukuta chembamba kilichosimama wima.

Alikipapasa kwa muda. Kisha akainua macho, akamtazama mkewe.

"Ndiyo, ni mimi," Mwanaima akasema. "Ya Mbula unayajua yote mpaka lililozibwa. Yangu umeyatazama lini, Baba Saumu? Niambie, nisikie."

"Mwanya huu," Nassoro akasema, "ndio nilioupelekea posa Mkwiro. Nimeujua kwa kidole, hata sijaangalia."

Mwanaima akaichukua sufuria ya maji, akatoka kuyamwaga uani.

Nassoro alivaa viatu vyake tena, akachukua meno ya jasi, akarudi Ukunda na kanzu yake ya Ijumaa kutengeneza kinga nyingine. Meno yalikuwa salama, kwa hiyo kinga haikumshinda. Asubuhi Mbula alipokuja, Mwanaima mwenyewe ndiye aliyempa, pamoja na mahamri kwenye karatasi.

"Na haya meno yako," akamwambia, akimkabidhi yale ya jasi, "yachukue. Yakae kwenu."

"Asante, mama," Mbula akasema, akacheka. Jioni tulisikia wamefungwa, lakini meno yake yote yamo.

Jumapili Nassoro alikoroga ule uji wake kwenye bakuli, barazani. "Kaa," akamwambia mkewe.

"Kwani mimi nacheza raga?"

"Fungua mdomo."

Akamwingizia, akamshika kidevu kwa kiganja, wakangoja ugande. Wifi yangu hakuweza kusema hata neno moja. Mate yalipomchuruzika Nassoro aliyafuta kwa pindo la kikoi chake, akaendelea kumshika, na wala hakuwa akitazama kazi. Mimi nilikuwa pale na ungo wangu. Nikainuka nikaingia ndani, ingawa mchele ulikuwa bado una mawe.

Sasa dirishani kuna meno mengine, yenye mwanya. Hayana kinga juu yake, wala hakuna mteja wa kuja kuyachukua. Nimekuwa mimi wa kuamka kwanza kuchuja chai, na nikiyatazama hupitisha ulimi kwenye yangu, juu na chini. Yule mume wangu wa Waa angeyaokota meno yangu njiani, angemuuliza kila apitaye ni ya nani.

Jana, kabla hawajaamka, niliyageuza yakatazama nje.